Kabla Hujafunga Kiungio cha Trela Kwenye Gari-Nyumba la Zamani

Usianze dukani. Chukua tochi, msasa wa waya na nyundo ndogo, ulale chali chini ya gari lako, utazame vyuma vilivyo nyuma ya ekseli ya nyuma. Kila kiungio cha trela huuzwa na kibandiko chake: pauni 3,500, pauni 5,000, hata 10,000. Namba hiyo ni ya kiungio chenyewe. Haisemi lolote kuhusu chuma utakachokifungia, na kwenye gari-nyumba lililozeeka ni chuma hicho kinachoachia kwanza.

Maneno haya nimemwandikia msomaji aliyeko Marekani, aliyenunua gari-nyumba la miaka ya 1980 au 1990 kwa bei nzuri, na sasa anataka kuvuta gari dogo la kuzungukia mjini, au trela ya mashua, au ya pikipiki. Wapo miongoni mwetu wanaoendesha malori makubwa huko, na mambo ya mizani, shingo na breki za trela wanayajua barabara. Hao nawaomba jambo moja tu: msilipime gari-nyumba kwa macho ya lori. Lori lilichorwa tangu mwanzo livute. Gari-nyumba lilichorwa libebe kitanda, jiko, choo na matangi ya maji, na mara nyingi lilitoka kiwandani likiwa limeshakaribia kikomo chake kabla hata familia haijapanda.

Mkia wa chasisi

Ford na Chevrolet hawakuwa wakijenga nyumba. Walitengeneza chasisi yenye injini, giaboksi na ekseli, kisha wakaiuza kwa kampuni za kujenga nyumba juu yake, kama vile Winnebago ya Forest City, Iowa. Chasisi ya Ford E-350 ndiyo iliyobeba mengi ya yale magari yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Chevrolet P30, na baadaye Ford F-53, zilibeba yale makubwa yenye uso bapa. Mjenzi alipotaka nyumba ndefu kuliko chasisi aliyoletewa, aliunga vyuma kwa nyuma, akajenga chumba cha kulala au choo juu yake. Vyuma hivyo vya kuunga ndivyo nitakavyoviita mkia.

Kazi ya mkia ilikuwa kubeba sakafu na bampa. Baadhi ya wajenzi walitumia chuma cha umbo la herufi C chenye unene sawa na wa chasisi. Wengine walitumia chembamba zaidi, au bomba la mraba, wakachomelea ncha kwa ncha na kupaka rangi nyeusi. Ukitazama kwa haraka utadhani ni chasisi moja iliyonyooka kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo usitazame kwa haraka. Anzia kwenye springi za nyuma, fuata reli ya chasisi kuelekea nyuma, ukipitisha vidole juu yake. Mahali unene unapobadilika, au unapohisi tuta la uchomeleaji, au unapokuta bamba limeongezwa ubavuni, hapo ndipo chasisi ya kiwanda inapoishia. Weka alama ya chaki. Pima unene wa pande zote mbili kwa kalipa, uandike.

Sasa safisha maungio hayo kwa msasa wa waya mpaka chuma kionekane. Nyufa huanza kwenye ncha za uchomeleaji, na huwa nyembamba kama unywele. Mstari wa kutu nyekundu unaotoka kwenye rangi nyeusi ni dalili ya kutosha ya kukufanya usimame. Kama una shaka, maduka ya vifaa vya kuchomelea huuza dawa ya kupima nyufa: unapuliza rangi nyekundu, unasubiri, unafuta, kisha unapuliza unga mweupe, na ufa unajichora wenyewe. Halafu gonga reli kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa, na magamba yataanguka usoni mwako, kwa hiyo vaa miwani. Gari lililokaa Minnesota, Ohio au New York, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lichunguze mara mbili. La Arizona huwa na chuma kikavu, ingawa raba zake zote zitakuwa zimepasuka kwa jua.

Ukikuta mkia umeoza au una ufa, habari ya kiungio isubiri. Kwanza mkia utengenezwe na mchomeleaji mwenye cheti cha kuchomelea chuma cha miundo, na umwonyeshe unachokusudia kuvuta.

Neno moja kuhusu bampa. Magari-nyumba mengi ya zamani yana bampa ya bomba la mraba la inchi 4, lenye vifuniko pembeni. Bomba hilo liliwekwa ili lifiche mpira wa kumwagia maji machafu ya choo. Bati lake ni jembamba. Utakutana na watu wamelitoboa na kufunga tufe la kuvutia trela katikati yake, na watakuambia wamefika nalo Florida. Usiwaige.

Na wale wenye zile Toyota ndogo za miaka ya 1980, zilizojengwa juu ya pikapu ambayo sisi tunaijua kwa jina la Hilux, wasome aya hii kisha waamue kama waendelee. Nyingi zina injini ya silinda nne ya lita 2.4. Nyingi za mwanzo zilikuwa na ekseli ya pikapu ya kawaida, yenye boliti tano kwa kila gurudumu, iliyobebeshwa magurudumu mawili mawili kila upande na nyumba nzima juu. Ekseli hizo zilivunjika, na ilibidi magari yaitwe yabadilishiwe ekseli kubwa zaidi yenye boliti sita. Hesabu boliti zako. Zikiwa tano, kazi yako ya kwanza ni ekseli. Hata zikiwa sita, mimi nisingevuta kitu kizito kuliko kitrela cha baiskeli.

Hesabu, na namba ndogo ndiyo inayotawala

Karibu na kiti cha dereva kuna kibandiko cha kiwanda. Kitakupa GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao gari lenyewe linaruhusiwa kuwa nao likiwa limesheheni, pamoja na GAWR, uzito wa juu wa kila ekseli. Unayoihitaji zaidi ni GCWR: uzito wa juu wa gari na trela vikiwa pamoja. Hiyo wakati mwingine haipo kwenye kibandiko, itafute katika kitabu cha chasisi cha mwaka wa gari lako. Angalia pia ni injini gani. Kwa E-350, kwa mfano, injini kubwa ya petroli ilikuwa V8 ya lita 7.5 hadi mwaka 1996, na kuanzia mwaka 1997 ikawa V10 ya lita 6.8. Uwiano wa difu nao hubadilisha kikomo, kwa hiyo usichukue namba ya gari la jirani.

Kisha nenda kwenye mizani. Mizani ya CAT iko kwenye vituo vingi vya malori, na inapima kila ekseli peke yake. Nenda ukiwa umejaza petroli, maji na gesi, chakula kikiwa kabatini na watu wote wakiwa ndani. Watu huenda na gari tupu, wakafurahia namba, kisha wakapakia.

Tuseme GCWR ya gari lako ni pauni 18,500, na mizani imesema 11,000. Zimebaki 7,500, kama kilo 3,400. Kiungio ulichokipenda kinasema 5,000. Mtengenezaji wa nyumba, katika kitabu chake, anasema mkia wake usivute zaidi ya 3,500. Basi unavuta 3,500, kama kilo 1,590, na habari imeishia hapo. Ukinunua kiungio cha 10,000 utakuwa umeongeza tu uzito wa chuma nyuma ya gari. Kama mjenzi wa nyumba hayupo tena na kitabu kimepotea, mlete fundi wa chasisi za malori apime mkia na akupe namba kwa maandishi. Bila hiyo, hesabu kwamba huna kibali cha kuvuta.

Sasa uzito wa shingo, yaani ule ambao trela inaukandamiza juu ya tufe. Kwa trela ya kawaida huwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela yote. Ukipungua sana, trela huanza kuyumba. Kwenye pikapu tufe liko karibu na ekseli. Kwenye gari-nyumba liko mbali, na umbali huo unafanya kazi ya mtarimbo. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 4, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye tufe ni mita 2.5. Ukiweka kilo 150 juu ya tufe, ekseli ya nyuma haiongezewi 150. Inaongezewa karibu 244, kwa sababu kilo 94 zimenyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele na kutupwa nyuma. Fomula ni rahisi: uzito wa shingo, mara umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye tufe, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Chukua jibu, lijumlishe na uzito wa ekseli ya nyuma uliopewa na mizani, ulinganishe na GAWR. Magari-nyumba mengi ya zamani yanashindwa mtihani huu hata pale ambapo GCWR bado ina nafasi. Na zile kilo 94 zilizoondoka mbele ndizo zilizokuwa zikiyakandamiza magurudumu ya usukani barabarani. Upepo wa pembeni utakukumbusha.

Ndiyo maana, kwa gari la zamani lenye mkia mrefu, ushauri wangu ni kuvuta gari dogo likiwa juu ya magurudumu yake yote manne, kwa mkono wa kuvutia wa umbo la herufi A. Mkono huo hauweki uzito wa maana juu ya mkia, unavuta na kusukuma tu. Kampuni kama Blue Ox ya Pender, Nebraska, na Roadmaster zimejenga biashara yao juu ya mikono hiyo. Lakini si kila gari linavutika hivyo. Magari mengi ya otomatiki hupata oili ya giaboksi pale tu injini inapozunguka. Ukiyavuta yakiwa yamezimwa, giaboksi inaungua kabla hujavuka jimbo. Jeep Wrangler inavutika, kwa sababu giaboksi yake ya pili ya kugawa nguvu huwekwa huru. Honda CR-V za otomatiki zilivutika hadi toleo la 2014, na kitabu chake kina utaratibu wa kufuata kabla ya kuondoka. Toleo lililofuata lilileta giaboksi ya aina nyingine na ruhusa ikafutwa. Soma kitabu cha gari litakalovutwa, ukurasa unaohusu kuvutwa, na usikubali neno la muuzaji.

Kuchagua na kufunga

Kwa magari-nyumba ya miaka hiyo, vingi vinavyouzwa ni viungio vya upana wa kurekebishika: bomba nene la katikati lenye mdomo wa mraba wa inchi 2, na mabamba mawili ya pembeni yanayotelezeshwa kulia na kushoto mpaka yakutane na reli zako. Vinafaa, mradi mabamba hayo yafike mbele vya kutosha. Hapa ndipo palipo siri ya kazi yote. Kiungio kilichoshika mkia peke yake kinategemea ule uchomeleaji wa miaka 30 iliyopita. Kiungio ambacho mikono yake imerefushwa kwenda mbele, ikavuka kiungo na kufungwa kwenye reli ya chasisi ya kiwanda, kinapeleka nguvu mahali Ford au Chevrolet walipokusudia. Kuirefusha kwa mabamba ya chuma cha unene wa milimita 8 au 10 ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji mzuri, na ningetoa pesa hapo kabla ya kuzitoa kwenye kitu kingine chochote.

Jambo jingine ambalo mafundi wa haraka hulivunja: reli ya umbo la C ina ubavu uliosimama, na ina midomo miwili, wa juu na wa chini. Toboa ubavuni. Midomo usiiguse kwa keekee wala kwa moto, kwa kuwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mvutano reli inapopinda. Na reli ya kiwanda isichomelewe bila maelekezo ya mtengenezaji wa chasisi. Ifungwe kwa boliti. Kuchomelea kubaki kwenye mkia na kwenye kiungio chenyewe. Kabla moto haujawashwa, tenganisha betri zote, ya injini na zile za nyumba.

Kabla ya kutoboa, chungulia upande wa pili. Kwenye Ford hizo tangi la petroli mara nyingi liko nyuma ya ekseli, katikati ya reli. Jirani yake hupita waya za taa, bomba la ekzosi, mabomba ya maji machafu, na pengine tangi la gesi au jenereta. Funga gesi. Ukiona keekee yako inaelekea tangi, weka ubao katikati au lishushe tangi. Usijipe moyo kwamba utasimama kwa wakati. Gari liwe kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, uzito umekaa juu ya stendi za chuma. Zile jeki za kusawazishia gari kambini hazikutengenezwa kumlinda mtu aliye chini.

Nyanyua kiungio kwa jeki, kibane kwa klampu, kisha pima. Mdomo wa kiungio uwe katikati kabisa ya gari: pima kutoka kwenye reli zote mbili, na pia kutoka kwenye magurudumu, maana mkia wenyewe unaweza kuwa umepinda. Tazama urefu kutoka ardhini. Mkono wa kuvutia gari dogo unatakiwa ulale karibu sawa na ardhi. Tofauti kati ya ncha ya nyuma ya gari-nyumba na ncha ya gari dogo isizidi inchi 3 au 4, la sivyo wakati wa kufunga breki gari dogo litajaribu kupanda au kuingia chini. Tofauti ikizidi, kuna vipande vya kushusha au kupandisha mdomo, navyo vina kikomo chake cha uzito kilichoandikwa. Vipande vya kurefusha viepuke, maana kila sentimita ya kwenda nyuma inaurefusha ule mtarimbo. Pia simama kando, uvute mstari kwa macho kutoka kwenye tairi la nyuma hadi chini ya kiungio. Hiyo ndiyo pembe uliyobakiwa nayo ya kutokea kituo cha mafuta bila kukwangua lami.

Ukiridhika, weka alama, toboa kwa biti ndogo kwanza, panua hatua kwa hatua, mwendo wa polepole na oili ya kukatia. Shimo lisikaribie ukingo wa chuma kwa chini ya mara mbili ya kipenyo chake. Futa makali, paka rangi ya zinki kwenye chuma kilicho wazi. Boliti ziwe za daraja linalotajwa na kitabu cha kiungio: za inchi zenye mistari 6 kichwani ni daraja la 8, zenye mistari 3 ni daraja la 5; za milimita huandikwa 8.8 au 10.9. Boliti isiyo na alama yoyote irudishe koponi. Weka washa ngumu pande zote, na pale reli ilipo ya bomba la mraba, ingiza kipande cha bomba ndani ya shimo ili boliti isiliponde unapokaza. Mkazo ufuate kitabu. Boliti ya nusu inchi ya daraja la 8 kwa kawaida huwa karibu futi-pauni 110, yaani nyutoni-mita 150 hivi. Tumia spana ya kupimia mkazo, usikadirie kwa mkono. Mwisho, chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na bamba. Mstari ukikatika siku moja, nati imezunguka.

Taa

Gari la Kimarekani la miaka hiyo hutumia balbu moja nyuma kwa breki na indiketa, jambo linalorahisisha mambo. Soketi bapa ya waya nne imekuwa na rangi zilezile: nyeupe ni ethi, kahawia ni taa za usiku, njano ni indiketa na breki ya kushoto, kijani ni ya kulia. Soketi ya duara ya pini saba huongeza bluu kwa breki za umeme, nyeusi kwa umeme wa betri, na zambarau kwa taa za kurudi nyuma. Usiamini rangi za waya za gari lenyewe. Wenye gari waliotangulia wamekata na kuunga mara nyingi, na mjenzi wa nyumba alitumia waya aliokuwa nao. Pima kila mmoja kwa taa ya kupimia, mwenzako akikanyaga breki na kuwasha indiketa.

Waya za zamani ni nyembamba na zimechoka kubeba hata taa za gari peke yake. Usizibebeshe taa za trela. Nunua kibadilishi chenye rilei, kinachochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi iliyofungwa karibu na betri, na kuzitumia waya za gari kama ishara tu. Ethi ipewe waya wake hadi kwenye reli iliyosafishwa. Tufe si njia ya umeme. Taa zinazofifia au kuwaka kinyume, mara nyingi tatizo ni ethi.

Breki, na siku ya kwanza barabarani

Breki za gari-nyumba zilipimwa kwa GVWR ya gari lenyewe. Kitu unachokivuta lazima kijisimamishe. Sheria hutofautiana kwa jimbo: California inadai breki kwenye trela za kulala kuanzia pauni 1,500 na nyingine kuanzia 3,000, Texas inaanza juu ya 4,500. Kwa gari la zamani, mimi ningefuata California hata nikiwa Houston. Trela ichukue breki za umeme zenye kidhibiti karibu na dereva, au zile za msukumo zinazofanya kazi shingo inapobanwa. Gari dogo linalovutwa lifungiwe kifaa cha kukanyaga breki yake, na swichi ya kukatika ambayo huzifunga breki kama kila kitu kikiachia. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya shingo, ifungwe kwenye kiungio. Isifungwe kwenye bampa.

Msomaji aliyeko Uingereza atakuta sheria nyingine: tufe ni la milimita 50, breki ni lazima trela ikizidi kilo 750, na gari dogo likivutwa kwa mkono wa herufi A huhesabiwa kuwa trela. Suala la mkia wa chasisi halibadiliki, liwe Fiat Ducato au Ford.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye uwanja mtupu, halafu kwenye mizani tena, safari hii pamoja na trela. Funga breki kwa nguvu mara kadhaa, kisha shuka ukague boliti. Zikaze upya baada ya maili 50 hadi 100. Kwenye milima zima ovadraivu, angalia joto, na kama gari halina kipozeo cha oili ya giaboksi, kiweke kabla ya kiangazi. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye tairi: wiki na mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi hilo halina kazi ya kuvuta, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Na unapovuta gari dogo kwa magurudumu manne, usirudi nyuma hata hatua chache. Magurudumu yake ya mbele hujikunja upande mmoja na mkono unapinda. Ukikwama kwenye kituo cha mafuta, shuka, lifungue, ligeuze.

Mkia ukikushinda, acha. Wawili wenye leseni wanaweza kuendesha magari mawili, na petroli ya ziada ni nafuu kuliko reli iliyopasuka kwenye barabara kuu.

Ukimaliza vizuri, kata kipande cha bati la alumini, gonga namba uliyoipata, ile ndogo kuliko zote, ukifunge kando ya mdomo wa kiungio. Kibandiko cha kiwanda kitaendelea kudai 5,000. Karatasi za mizani, risiti ya mchomeleaji na barua ya fundi wa chasisi zitie kwenye bahasha pamoja na kitabu cha gari, na siku ukiliuza, mkabidhi mnunuzi mkononi.